Kioo Kilichotazama Ukutani

Wajawazito walimwita Mama Picha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima mimba kwa altrasaundi. Chumba chake kilifungwa pazia mchana kutwa, na feni ilikoroma kama mzee mwenye pumu. Kioo cha mashine alikielekeza ukutani, akakigeuza kielekee kitandani pale tu alipokwisha kuuona moyo wa mtoto ukidunda vizuri. Desturi hiyo aliiita huruma. Wanawake wa benchi la nje walikwisha kumsoma. "Akikawia kukigeuza," walinong'onezana, "toa leso yako mapema."

Asubuhi moja aliingia fundi cherehani mwenye mimba changa, akifuatana na mama mkwe wake. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, na nyumba nzima ikamtupia lawama kwamba aliiua mwenyewe kwa kukanyaga cherehani.

"Mpige picha vizuri mjukuu wangu," mama mkwe alitania, "asije akatoka amefumba macho kama baba yake kwenye picha ya harusi."

Mama Picha alicheka, akapaka jeli, akatazama. Kicheko kikamkauka. Mtoto alikuwa mdogo kuliko umri wa mimba, na moyo ulidunda kwa kujikokota.

"Dada, mbona hukigeuzi?" fundi aliuliza.

"Subiri kidogo, mdogo wangu."

"Hata safari ile waliniambia nisubiri. Kisha wakasema kila kitu ni sawa. Ilipotoka, ikabaki kosa langu."

Maneno yale yalimchoma Mama Picha. Amfichaye mgonjwa ukweli, mara nyingi anajihurumia mwenyewe. Akakigeuza kioo.

"Moyo ule pale, unadunda. Lakini unadunda polepole mno, na mtoto hajakua inavyotakiwa. Zipo mimba za namna hii zinazoendelea, ila nyingi hutoka. Njoo juma lijalo tutazame tena."

"Unamchuria mwanangu!" mama mkwe alifoka. "Tumefuata picha, hatukufuata ramli!"

"Si ramli, mama. Ningesema mengine ningekuwa mwongo."

"Basi cherehani naifungia stoo leo hii!"

Fundi alikuwa bado anakitazama kile kidoa cha moyo kilichopepesa kiooni, kama mtu anayeaga bila kutaka kuaga.

Juma lililofuata walirudi wote wawili. Safari hii kioo kilikitazama kitanda tangu mwanzo. Hapakuwa na kinachopepesa. Mama Picha alitafuta tena, taratibu, kisha akaushika mkono wa fundi.

"Moyo umesimama, mdogo wangu. Pole sana."

Fundi alijifunika uso. Feni ikaendelea kukoroma. Mama mkwe alisimama akikunjakunja ncha ya mtandio wake.

"Cherehani ilikuwa stoo," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Wiki nzima. Ufunguo ninao mimi."

"Si cherehani, mama. Wala safari ile haikuwa cherehani. Mara nyingi mimba huwa na kasoro tangu inapotungwa. Hakuna aliyeiharibu."

Bibi yule aliinama, akaokota viatu vya mkwewe chini ya kitanda, akamvisha kimoja kimoja, yeye aliyezoea kuvishwa.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema. "Wewe usiseme neno. Nilisema mimi mwaka jana kwamba kosa ni lako, na leo nitasema mimi kwamba si lako."

Tangu siku ile, kioo cha Mama Picha hakikutazama tena ukutani.