Fundi Saa na Mfupa Uliokataa Kuunga

Mtaani walimwita Fundi Saa. Tangu mkewe afariki, saa za ukutani ndizo zilizomsemesha chumbani. Zilikuwa kumi na nne, na hakuna mbili zilizoelewana.

Alianguka kwenye ngazi akitundika saa ya shule, akavunjika mfupa wa muundi. Miezi saba baadaye ufa ulikuwa pale pale. Daktari akamfunga mguuni pete nene ya nyaya. Akamweleza kwamba pete ile hutoa nguvu ndogo za sumaku, nazo huamsha chembe changa za mfupa zikue na kuziba ufa. Aivae kwa saa tatu kila siku, miezi mitatu. Ikishindikana, atapasuliwa.

Mkewe aliingia chumba cha upasuaji akimwachia saa yake ya mkono amshikie. Hakutoka. Fundi Saa akaapa hatakosa hata siku moja.

Lakini fundi yeyote wa saa anajua sumaku ni adui: ikiingia kwenye springi, saa hukimbia kama mwizi. Naye chumba alikuwa nacho kimoja, kitanda huku, meza ya kazi kule. Akashusha saa zote, akazifunga kwenye shuka pamoja na ile ya mkono, akamwomba jirani mshonaji amhifadhie. Wateja akawaambia wasubiri.

Chumba kikanyamaza. Alikaa kitandani na pete yake akihesabu matone ya bomba. Binti yake alipopiga simu Jumapili, kama kawaida yake, na kuuliza mbona kimya hivyo, alijibu hajambo.

Miezi mitatu ilipotimia, nesi alimsifu kwa kutokosa siku, akamuuliza hizo saa tatu huzipitishaje. Alipoeleza, nesi akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu, nguvu yake haivuki shibiri moja. Ungeziacha tu ukutani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, baba. Wenzako huuliza kama inachaji simu."

Fundi Saa alicheka kwa adabu. Kisha daktari akainua picha ya eksirei kwenye mwanga: wingu jembamba jeupe lilikuwa limevuka ufa. Mfupa unaunga. Hapasuliwi.

Alipita kwa mshonaji, akamkuta ameshafunga. Mume wa mshonaji ndiye aliyembebea furushi la saa hadi mlangoni kwake, akaaga upesi.

Ile ya mkono aliitia ufunguo kwanza, akaiweka sikioni. Kisha akatundika zile kumi na nne, akakaa kuzisikiliza zikibishana. Ilikuwa Jumatano. Binti yake angepiga Jumapili.