Pindo la Ndani

Shangazi yangu ni dobi. Kwa miaka thelathini mikono yake imeshinda kwenye maji ya moto na sabuni kali, lakini ukiishika unaduwaa: laini kama ya mtoto mchanga. Kila akizima pasi, hutoboa kidonge cha vitamini E kwa pini, akajipaka mafuta yake, na nyufa za vidole zimeziba kabisa. Kovu la pasi tu ndilo limegoma kufutika.

Mwezi uliopita akauonea uso wake huruma, akaupaka mafuta hayo pia. Kesho yake nikamkuta amevimba, amejaa vipele, anajikuna.

"Shangazi, si wewe hujaribu kila sabuni mpya kwenye pindo la ndani kabla hujafua nguo?"

"Ile ni nguo ya mtu, mwanangu. Nikiiharibu nitamtazamaje?"

Miaka yote hiyo hajawahi kuharibu hata leso ya mteja.

Siku hizi kila mafuta mapya huyapaka kwanza kwenye mkunjo wa kiwiko, akasubiri siku nzima. Hapo, anasema, ndipo pindo lake la ndani. Amechelewa kujua kwamba naye ni nguo ya mtu.