Jiko Chumbani mwa Baba Mkwe

Mama mkwe wangu alikufa kwa moto wa jiko. Ulikuwa mwezi wa saba mwaka jana, baridi imeshika Navakholo, mvua inanyesha kila alasiri. Alikuwa na homa, akaliingiza jiko la makaa chumbani, akaliweka karibu na kitanda, akalala. Blanketi likateleza. Majirani walipovunja dirisha walikuwa wamechelewa. Matangani sikulia sana. Nilipika, nikaosha masufuria, nikapika tena. Mpaka leo nikifua blanketi huwa nasimama kidogo.

Mwaka huu baridi iliporudi, nilimwona baba mkwe jioni akipepea makaa barazani, kisha akabeba jiko kuingia nalo ndani. Alijengewa nyumba nyingine, lakini mazoea ni yale yale. Mume wangu anafanya kazi Ekero. Alimpigia baba yake simu akamwomba aache. Mzee akamjibu kwamba amelala na jiko tangu kabla yeye hajazaliwa.

Kwetu mke wa mtoto haingii chumba cha kulala cha baba mkwe. Hata nikifagia, naishia sebuleni. Kwa hiyo nisingeweza kuingia tu nikalitoa. Lakini sikuwa tayari kupika matanga mengine ya moto.

Nikaenda nikasimama sebuleni, nikapiga hodi mbele ya pazia la chumba chake, nikamwomba alitoe. Akacheka. Akauliza kama zimamoto siku hizi wanaajiri wake za watu. Nikasema nitangoja. Akasema baridi iko ndani ya mifupa yake, niende nikasonge obusuma wangu usije ukaungua. Nikabaki pale pale. Akakohoa, nikasikia kitanda kikilia.

"Baba," nikasema, "siku moto ukishika humo, mimi ndiye niko karibu. Nitaingia. Nitakushika mikono nikuburute nje, uwe umevaa au hujavaa. Kama ni lazima nivunje mwiko, afadhali niuvunje leo ukiwa bado unapumua."

Nikashika pazia. Sikuwa namtisha. Mguu mmoja ulikuwa umeshasogea.

"Wewe msichana, simama hapo hapo."

Nikamsikia akitafuta viatu, akinung'unika. Jiko likatokea chini ya pazia, analisukuma kwa fimbo, makaa bado mekundu.

"Hata marehemu hakuwahi kunishinda hivi," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nililibeba jiko kwa kitambaa mpaka uani, nikamwaga makaa kwenye udongo uliolowa, nikayageuza kwa kijiti mpaka moshi ukaisha. Kisha nikachemsha maji, nikajaza chupa ya mpira, nikaizungushia leso na kuiacha sakafuni mbele ya pazia pamoja na blanketi la pili.

Akauliza kama kesho pia nitakuja kumsumbua.

Nikamwambia nitakuja kila jioni mpaka baridi iishe.