Taa ya Kijani Iliyogoma Kuzimika

Nakiri mapema ili msinicheke katikati: mimi ni yule mzee wa kanisa aliyewaimbisha akina mama wimbo mmoja mara saba mfululizo, mke wangu akiwa mmoja wao, na namshukuru Mungu kwamba bado ananipikia.

Ilikuwa miaka ile bidhaa za nje zilipofunguliwa milango na kompyuta zikaanza kuonekana madukani Arusha mjini. Elirehema, binti wa dada yangu, alikuwa anamaliza chuo, na kazi yake ya mwisho ilikuwa programu ya ajabu kidogo: unaiandikia kanuni zenye maneno kama daima, mpaka na hatimaye, nayo inazigeuza kuwa mchoro wa viduara na mishale, kila kiduara ni hali moja, kila mshale ni njia ya kwenda hali nyingine, kisha kompyuta inaufuata mchoro huo bila kuuliza. Alihitaji mahali pa kuijaribu mbele ya mwalimu wake, na ikishindwa anarudia mwaka. Nikamwambia ailete kwetu Tengeru, Sikukuu ya Mavuno, tuziongoze kwaya kwa taa (kwaya zetu nne zilikuwa zikigombania nafasi kila Jumapili, na lawama zote zikija kwangu).

Kanuni niliziandika mwenyewe. Ya kwanza, taa ya kijani ya kwaya inayoimba isizimwe mpaka kwaya inayofuata iwe imesimama, ili ibada isipoe. Ya pili, kwa kuwa kwetu ni utovu wa adabu kuinuka wenzako wakiimba, kwaya inayofuata isisimame mpaka taa ya wenzao izimwe. Nilizisoma mara mbili, nikaziona nzuri kama katiba.

Ijumaa Elirehema akaja na mchoro.

"Shikamoo Mjomba. Tazama kiduara hiki, mshale wake unarudi hapohapo, hakuna wa kutoka. Programu inaonya kwamba tukiingia humu hatutoki. Tuongeze kanuni kwamba hatimaye kila kwaya itakaa."

"Marahaba. Umeona wapi kwaya isiyokaa, mwanangu? Watu wanajua."

"Watu wanajua, Mjomba. Kompyuta haijui."

Nikamwambia nimepanga ibada tangu hajazaliwa (maneno haya ningeweza ningeyameza), na Jumapili ya Mavuno nikatangaza kwamba kwaya itakayokiuka taa haitaimba mwezi mzima.

Akina mama wakaanza. Wakamaliza beti zote, wakaitazama taa, kijani, wakarudia. Elirehema alikaa kwenye kompyuta, kazi yake kubonyeza kitufe kwaya inayofuata inaposimama, na mwalimu wake kando yake asiruhusu ujanja. Mara ya nne mchungaji akaniinamia.

"Mzee, wanamaliza lini?"

"Taa bado, Mchungaji."

Mara ya tano nikamfuata kiongozi wa kwaya ya vijana, iliyokuwa inafuata, nikamnong'oneza wasimame. Akakunja mikono. "Tunangoja taa yao izimwe, Mzee. Ulisema mwezi mzima." Na mke wangu alikuwa akinikazia macho kila walipofika kwenye "utuhurumie".

Mara ya saba nikachomoa waya. Kumbe ulikuwa wa vipaza sauti. Kanisa likacheka, na akina mama, wakidhani wanahimizwa, wakaimba kwa nguvu zaidi. Mwalimu akafunga daftari.

"Programu yako imekwama, binti. Tutaonana mwakani."

Elirehema akatazama sakafu, wala hakunitaja. Hapo ndipo aibu ya kweli iliponishika. Nikainua mikono kuwanyamazisha akina mama, na kwa kuwa vipaza sauti nilivizima mwenyewe, ikabidi nitubu kwa kupiga kelele: "Mwalimu, programu haikukosea. Kanuni ni zangu. Binti huyu alinionya Ijumaa, nikamnyamazisha."

Mwalimu akaomba karatasi ya mchoro. Kiduara kile kilikuwa kimezungushiwa kalamu, na chini yake mwandiko wangu: Imepitishwa bila marekebisho. Akausoma kwa sauti, akacheka mpaka akavua miwani.

"Basi aliyekwama si programu," akasema, akafungua daftari tena.

Elirehema alifaulu. Nami nikaweka nadhiri kwamba nikionywa na kijana, nitatazama kwanza anapoonyesha kwa kidole, umri wake baadaye. Mke wangu akaniongezea ya kwake: kanuni yoyote nitakayoitunga, niijaribu kwanza mimi peke yangu, nikiimba.