Kizingiti cha Mkata Vimeo

Nilitapika kwenye kizingiti cha mkata vimeo, katika kijiji kimoja mbele kidogo ya Mlali, Jumamosi asubuhi, mbele ya akina mama wanane na watoto wao. Ndugu zangu hulisimulia jambo hilo kama kichekesho. Mimi silicheki. Nikilikumbuka inanirudia ladha ya chai ya tangawizi ikipanda kooni, na nyuma yake kinyaa ambacho sehemu yake kubwa inanihusu mwenyewe.

Tulikwenda pale kwa ajili ya binti wa dada yangu. Alikuwa na miaka mitatu na miezi minane, na alikuwa haongei. Nilikuwa nakaa kwao Kihonda tangu nimalize chuo, nikisubiri ajira ambayo haikuwa na haraka na mimi. Dada alishinda sokoni kwenye meza yake ya vitambaa, shemeji alikuwa kwenye mashamba ya miwa na alirudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa na mtoto. Alitembea kwa ncha za vidole. Ukimwita jina hakugeuka, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili alikuja mbio. Aliwanusa watu viganja kabla ya kuwakaribia. Vizibo vya soda alivipanga mstari kutoka mlangoni hadi chini ya kabati, na ukikisogeza kimoja alilia hadi akakosa pumzi.

Niliyaandika yote hayo kwenye daftari. Nilisoma kwenye simu hadi macho yakaniuma, na neno usonji nililifahamu mwaka mmoja na zaidi kabla ya siku ile ya Mlali. Kila nilichosoma kilisisitiza kwamba mtoto atazamwe mapema, asaidiwe mapema. Sikumwambia mtu. Nilijiambia mimi si daktari. Nilijiambia dada atadhani namdharau mwanawe. Niliwaza kwamba nikilitamka ndani ya nyumba ile litakuwa limeingia kupitia kinywa changu, na kila litakalofuata watanitazama mimi. Mara kadhaa nilimwandikia dada ujumbe, na yeye yuko chumba cha pili, nikaufuta.

Nikiwa kimya, wengine walisema. Jirani alisema dada alikula mayai mengi akiwa mjamzito. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani alituuzia mafuta ya kumpaka mtoto shingoni, yananuka kama samaki aliyesahaulika kwenye mfuko. Mwingine alitushauri tumpige mtoto mdomoni kwa mwiko, mara saba, Ijumaa. Wote waliyasema hayo wakiwa wamekaa sebuleni kwetu, wakitafuna karanga zetu, maganda wakiyatema chini.

Kisha akaja mjomba, kaka wa mama yetu, kutoka Matombo, na mkungu wa ndizi na furushi la mdalasini. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeusemea. Baba wa mtoto aweza kulipa ada na kununua viatu, lakini likija jambo zito la mtoto, neno la mwisho hutoka kwa mjomba. Alimtazama mtoto, akamfungua mdomo kwa kidole gumba kama anavyokagua meno ya mbuzi, akasema, "Ana udata huyu. Ulimi umefungwa chini."

Udata ni ule uzi wa nyama ulio chini ya ulimi. Mkata vimeo hukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, cha wenye kikohozi, na wasioongea huwakata udata.

"Jumamosi nakuja na kile kigari changu, kirikuu," alisema mjomba. "Mzee wa kule ana mkono mwepesi. Hata wewe msomi alikukata kimeo, na angalia ulivyosoma."

Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, nikamwongeza chai.

Uwanja wa mkata vimeo ulifagiliwa vizuri, na hilo ndilo lililonichanganya kwanza, kwa sababu nilitarajia uchafu nipate sababu ya kusema. Tulipanga foleni kwenye benchi. Mzee mwenyewe alikaa ndani, hatua mbili kutoka mlangoni, tunamwona. Mbele yetu alikuwa mama mwenye mapacha. Pacha wa kwanza alishikwa kichwa na mtu wa pale, magoti yake yakabanwa, waya uliopindwa ukaingia kinywani, kisha wembe uliofungwa kwenye kijiti. Mtoto hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa sauti ya kukoroma yenye maji. Mzee alichota kitu, akakiweka kwenye jani la mgomba, akakitoa nje watu wakione.

"Mnaona? Kilikuwa kimeshaoza."

Akina mama wakanyoosha shingo. Mmoja akasema, "Mungu wangu, kumbe ndicho kilichokuwa kinamkohoza!"

Pacha wa pili alipokatwa, mzee alitoa jani tena. Niliapa moyoni kwamba kile kipande kilikuwa kilekile. Kilikuwa kimekauka pembeni, na kulikuwa na nzi aliyetoka nacho ndani. Kisha akaurudisha wembe kwenye kikombe cha bati alikokuwa akiusuuza tangu asubuhi. Maji yalikuwa ya rangi ya togwa la ulezi, na kitu kama kamasi kikielea. Akaupangusa kwenye paja la suruali.

"Anayefuata."

Dada akasimama na mtoto. Mtoto alikuwa akinusa hewa, akikunja pua, akirudi nyuma. Nilikuwa nimetunga sentensi yangu tangu njiani: samahani mzee, tunaomba kwanza tupate ushauri wa hospitali. Nilibadilisha "tunaomba" nikaweka "tungeomba". Niliwaza kama nianze na shikamoo ya pili au ile ya mwanzo ilitosha. Dada alivuka mlango. Nikamfuata, nikafungua kinywa, na kilichotoka ni chai na chapati mbili, juu ya kizingiti, na nyingine kwenye kandambili za mzee zilizovuliwa mlangoni.



"Nani kamwaga kizingitini?" mzee aliuliza, ingawa alikuwa ananitazama.

"Ana mimba huyo," alisema mama wa mapacha.

"Mimba ya nani na hana hata bwana!" mjomba akajibu kutoka kwenye benchi. "Chuo amemaliza, tumbo ndilo halijamaliza." Watu wakacheka.

Mzee hakucheka. Aliufunika wembe kwa jani. Kwake, kizingiti kikichafuliwa kwa kilichotoka tumboni, wembe haugusi mtu mpaka siku saba zipite. "Leo basi. Rudini siku ya saba, wote."

Akina mama walinyanyuka wakisonya. Mmoja alikuwa ametoka Dumila na mtoto mgongoni. Alinipita akaniambia polepole, "Umetuharibia, dada." Nikamwomba radhi! Kwa adabu zote, nikamwomba radhi.

Nyumbani dada alinifulia sketi bila kunitazama. Akasema, "Kama hukutaka, si ungesema tu?"

Ndipo nilipolitamka lile neno, pale uani, juu ya beseni la povu. Nikaleta daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akarudi wa kwanza kutazama mwezi niliouandika juu.

"Hii ni kabla ya Pasaka ya mwaka jana."

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwa unamwandika mwanangu kama panya wa maabara, halafu unanipikia chai."

Hakupiga kelele. Kwa siku mbili hakuitikia salamu yangu. Nilikaa na mtoto, vizibo vikaenda mstari mpaka uani, na kila nilipokishika kile kidaftari nilihisi kama nimeshika kitu chenye utelezi.

Siku ya tatu dada alivaa gauni la kanisani akasema, "Twende hospitali. Wewe beba hilo daftari lako."

Dirishani mhudumu aliuliza, "Mtoto anaumwa nini?"

"Haongei."

"Haongei siyo ugonjwa, mama. Mnawaachia simu, mnakuja kutujazia foleni." Alikuwa anakula muhogo, na chembe ziliturukia. Alitupeleka dirisha la pili, la pili likaturudisha la kwanza. Mtoto alipoanza kulia na kujiziba masikio kwa sababu ya feni iliyokuwa inakwaruza, mama mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili wa benchi, kama vile kilio kinaambukiza.

Daktari tuliyempata mwishoni alikuwa mwanamke wa umri wangu. Aliizima feni kwanza. Kisha akaketi sakafuni, akaweka vizibo vya chupa za dawa mbele ya mtoto, akasubiri. Alituuliza: huwa anaonyesha kitu kwa kidole? Hucheza kupika, kubeba mwanasesere? Akitaka maji hufanyaje? Dada alijibu kwamba humshika mtu mkono na kumburuza hadi kwenye ndoo. Daftari langu daktari alilisoma lote.

"Hili limewasaidia sana," alisema. Nilitamani asingesema.

Alitueleza kwa lugha nyepesi. Sitaandika jina la ugonjwa leo, alisema, lakini ninachokiona ni dalili za usonji. Ubongo wa mtoto unapokea dunia kwa namna yake. Hakuna aliyemroga, mayai hayahusiki, na si kosa la mama. Tupime kwanza masikio, kisha nitawapa rufaa ya kwenda Dar kwa timu inayoweza kuthibitisha, na huko foleni ni ndefu. Wakati mnasubiri msikae bure. Kuna shule ya msingi hapa mjini yenye kitengo maalumu, na kila Alhamisi huja mtaalamu wa kuwafundisha watoto mawasiliano na wazazi pia. Mpelekeni hata kabla ya rufaa.

Mlangoni dada aliuliza, "Tungekuja mwaka jana ingekuwaje?"

Daktari alitazama mafaili. "Mmekuja leo," alisema.

Jumamosi ya siku ya saba mjomba aliwasili mapema na kirikuu chake. Shikamoo, marahaba, akaketi, akamwaga mdalasini mkekani. Mtoto alivinusa viganja vyake kwa muda mrefu, kisha akaanza kuvipanga vijiti vya mdalasini mstari. Dada alinitazama mimi. Kurasa saba nilizoandaa usiku kucha za kumweleza mjomba zikanipotea kichwani.

Barabarani ikapita baiskeli ya mnunua vyuma chakavu, ile yenye kipaza sauti inayopita mtaani kwetu kila siku. Kabla haijamaliza, mtoto aliipokea, kwa sauti ileile ya puani: "Tunanunua vyuma chakavu! Betri mbovu, pasi mbovu, friji mbovu, tunanunua!"

Mjomba alicheka kama anavyocheka siku zote. Sote tulikuwa tunacheka. Alikuwa anaimba hayo tangu ana miaka miwili, na hata mimi mwenye daftari niliyaandika chini ya "vituko".

"Mjomba," nilisema, "mwenye ulimi uliofungwa anatamka 'friji'?"

Akaacha kucheka. Akamtazama mtoto. "Sema tena, mama," alimwambia. Mtoto alipanga kijiti. Baiskeli ilizunguka mtaa wa nyuma ikarudi, na mtoto akarudia yote, betri, pasi, friji, kila herufi mahali pake.

"Kwa nini neno hili hukuniletea wiki iliyopita?"

"Niliogopa, mjomba."

"Ukaona heri utapike."

Nikamweleza ya hospitali, kwa kukatakata. Aliuliza kama huyo mtaalamu wa Alhamisi ana wembe. Nikasema hana. Aliuliza mara ya pili. Kisha akavuta mdalasini mmoja kutoka kwenye mstari, mtoto akapiga ukelele, akaurudisha haraka palepale ulipokuwa.

"Sijasema nimeyakubali ya daktari wenu," alisema. "Ila ulimi huu haukatwi. Na Alhamisi nakuja. Nataka kumwona huyo mtu anavyofanya."

Dada alifunika uso kwa kanga. Mimi nilingoja nafuu inishukie.

Mjomba alitoa simu, akampigia mzee wa Mlali. Alimwamkia kwa heshima, akaulizia mvua, akaulizia mguu wake unaouma. Akamwambia mtoto wetu amepata safari, hatutakuja. Niliusikia uwanja ule ndani ya simu: watoto, kikohozi, mama akisema nyamaza. Siku ya saba ilikuwa ya wote, na wote walikuwa wamerudi.

"Hapana, usitungoje kabisa," mjomba alisema akicheka. "Wewe endelea na hao wengine."

Kile kikombe cha bati kilinijia machoni, na yule mama wa Dumila. Nilitaka kumwomba mjomba ile simu, niwasemee hao wengine. Tumbo likanipanda hadi kooni, palepale mkekani, na safari hii nikameza.