Mama Yangu Kauzu

Juzi sokoni Tukuyu nilimsikia kijana akimwita binti mmoja kauzu kwa sababu hakumchekea, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kwetu Masukulu.

Jirani alikuwa anamwoza binti yake. Uani kulinuka moshi na maganda mabichi ya ndizi, na akina mama walimenya huku wakipiga soga. Mama yangu alimenya peke yake kando, kimya, kama alivyokuwa tangu baba afariki.

"Mama yako kauzu kweli," jirani akaniambia, wenzake wakacheka.

Sikujua kwamba kauzu ni mtu mkavu, asiyechangamkia watu. Nilichojua mimi ni dagaa kauzu, niliowapenda kuliko nyama. Nikadhani mama kasifiwa.

"Ndiyo!" nikasema kwa sauti. "Mama yangu kauzu, mtamu kuliko nyama!"

Mama aliacha kumenya, akanitazama, kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Wote uani wakacheka naye.

"Njoo ukae huku, dada," jirani akamwambia, akimsogezea kigoda.

Mama akabeba beseni lake, akaenda kukaa katikati yao. Jioni tulirudi nyumbani akiimba, nami nikitembea mbele yake kifua mbele.