Tarumbeta Inayoanza kwa Chini

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilivyojifanya fundi wa tarumbeta. Upumbavu ule bado unanichosha kuliko magoti haya.

Nilikuwa kijana niliyefeli hesabu lakini nimejaliwa mapafu. Kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu, huku juu ya Moshi, kilifundishwa na Mzee Elirehema. Alituletea muziki wa zamani wa Ulaya, wa wale wapigaji walioanza kwa sauti ya chini kama mnong'ono, wakapanda kidogo kidogo, wote pamoja, mpaka msikilizaji ananyanyuka kitini bila kujijua.

"Mkianza juu," alituuliza, "mtapanda kwenda wapi?"

Basi akafariki jirani yetu, Baba Aikande, ambaye hakukosa kuja kutusikiliza tukijifunza muziki ule. Mkewe aliomba jambo moja tu: mumewe asindikizwe kwa muziki huo. Tuanze chini jeneza likitoka ndani, tupande polepole kati ya migomba, na sauti ijae kaburini, mwisho wa kihamba, lile shamba la ukoo.

Sasa mimi nikaona uwanja umefurika watu, na mabinti kutoka Uru wamo. Nikapuliza kwa nguvu zote tangu mlangoni. Wenzangu nao, nani akubali kuzidiwa? Mzee Elirehema akashusha kiganja, akashusha tena. Nilimwona. Nikafumba macho kama mtu aliyeshukiwa na Roho.

Tulipofika kaburini midomo ilishakufa ganzi. Pale pa kujaza sauti tukatoa mlio wa ndama mwenye njaa. Jeneza likashushwa, sisi tunahema.

Siku hizi sitoki hata getini. Kwenda jikoni tu ni safari ya kupumzika njiani. Lakini nisikilize, mwanangu. Ukipewa nafasi katika jambo la watu, anza chini. Msikilize aliye kando yako. Ukijisikia mwenyewe tu, ujue umeshazidisha. Nguvu zako ziweke pale wanapozihitaji wao, sio pale unapoonekana wewe. Mungu akupe pumzi ndefu, na akili ya kuitunza.

Kesho yake baada ya maziko yale nilikwenda kwa Mama Aikande kumpa pole, nikitegemea na chai. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, wala hakuacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume wangu ulimzika mlangoni, Elinami. Kaburini tulifika peke yetu."